Mashaallah, Lakini Bahari Imelala Upande

Kijana wa Kismayo akipiga picha ya mashua inayorudi kutoka kisiwa cha Koyama, akaituma kwa jamaa waliotawanyika Mombasa, Muscat na Birmingham, majibu anayajua kabla hayajafika. Wengi watamwekea moyo mwekundu na dole gumba. Shangazi ataandika, "Mashaallah mwanangu, Mungu akulinde." Binamu mwenye mdomo atauliza kama hiyo ni mashua au gunia la mkaa, na ukoo mzima utacheka siku mbili. Juma linalofuata kijana atapiga picha nyingine yenye kasoro ileile, maana katika majibu yote hayo hamna hata moja lililomwambia afanye nini na mkono wake, au asimame wapi jua likiwa pale lilipo.

Makala haya ni ya watu wa pande mbili. Kuna anayepiga picha kwa mapenzi yake tu, mara nyingi kwa simu, bila kulipwa. Na kuna anayeonyeshwa picha hiyo akaulizwa, "Unaionaje?" Swali ni fupi, lakini kulijibu vizuri kuna ufundi wake. Kulipokea jibu ni ufundi mwingine, na kwa maoni yangu ndio mgumu zaidi.

Tuanze na hiyo Mashaallah. Isiondolewe. Katika pwani hii, kumsifia mtu kitu chake bila kumtaja Mungu ni kukitupia jicho, na simu yake ikianguka majini kesho yake watu watajua wa kumlaumu. Iseme, tena kwa moyo. Ila ukishaisema usinyamaze. Ongeza sentensi moja au mbili ambazo mwenye picha anaweza kwenda nazo pwani kesho asubuhi akazifanyia kazi.

Sema ulichokiona kabla ya kusema ulivyokipenda

Watu wengi wakionyeshwa picha hukimbilia hukumu: nzuri, mbaya, kali, ya kawaida. Hukumu haimfundishi mtu kitu. Mwalimu wa sanaa wa Marekani, Edmund Feldman, aliwahi kupanga ukosoaji katika hatua nne: kueleza kilichopo, kuchunguza kilivyopangwa, kutafsiri kinachosemwa, kisha ndipo kuhukumu. Mpangilio huo si msahafu, lakini una faida moja kubwa: unaichelewesha hukumu mpaka macho yawe yamefanya kazi yake.

Chukua mfano. Picha ni ya wanaume watatu wanaoshusha kamba koche kutoka kwenye mashua, ufukweni, asubuhi. Mtoa maoni wa kwanza anasema, "Iko poa, ila haijatulia." Haijatulia vipi? Hata yeye hajui. Wa pili anasema hivi: "Naona wanaume watatu, na ndoo ya manjano pembeni kulia. Jicho langu limekwenda kwenye ndoo kwanza, nikakaa hapo, halafu ndiyo nikawaona kamba." Hajatukana, hajasifu. Lakini mwenye picha sasa ameiona ndoo ambayo hakuiona alipokuwa akipiga, kwa sababu alipokuwa pale macho yake yalikuwa kwa kamba na kwa nyuso. Safari ijayo atapiga hatua mbili kushoto, au ataomba ndoo isogezwe, au ataamua kwamba ndoo ibaki kwa kuwa ndiyo inayopeleka kamba sokoni. Uamuzi ni wake.

Watu wa pwani tuna mazoea ya namna hii, tumeyasahau tu tulipohamia kwenye simu. Mtu akighani shairi lenye mshororo uliopinda, malenga hamwambii kwamba yeye si mshairi. Anahesabu mizani mbele yake, anamwonyesha silabi iliyozidi na kina kilichopotea, na pengine anampa neno la kuziba pengo. Ukali upo, na wakati mwingine ni mkali kweli, lakini unashuka juu ya ubeti. Picha nayo ina mizani yake inayoweza kuhesabiwa: mwanga unatoka wapi, kipi kimekatwa ukingoni, kipi kiko wazi na kipi kimefifia, nyuma ya mtu kuna nini. Zungumza juu ya hivyo.

Kabla ya kushauri, uliza. "Ulitaka tuone nini?" Swali hili linaokoa muda na urafiki. Huenda unamlaumu kwa kuwa nyuso hazionekani, kumbe aliahidi asizionyeshe. Huenda unalalamika kwamba mashua ni ndogo mno, kumbe alitaka ukubwa wa bahari. Liz Lerman, mwalimu wa dansi wa Marekani, alitunga mwaka 1990 utaratibu wa kutoa maoni ambao umeenea katika sanaa nyingi, na ndani yake kuna jambo moja ambalo ningependa liigwe kwetu: mtoa maoni huomba ruhusa. Kwa lugha yetu ingekuwa hivi: "Kaka, nina neno juu ya anga la picha hii, ungependa nikwambie?" Akisema hapana, neno libaki mfukoni. Mtu aliyekubali kusikia husikia, aliyeshtukizwa hujitetea.

Idadi nayo ina maana. Kasoro tano kwa picha moja hazibebeki. Chagua moja, ile ambayo ikirekebishwa itabadilisha picha kuliko nyingine zote, na useme namna ya kuirekebisha. "Imekuwa giza" ni nusu ya maoni. "Imekuwa giza usoni, gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga" ni maoni kamili.

Mwanga wa kwetu na taabu zake

Ushauri mwingi wa upigaji picha unaozunguka duniani umeandikwa na watu wa nchi ambazo jua hulala pembeni saa nyingi. Kismayo iko karibu kabisa na ikweta, kusini yake kidogo tu. Mwaka mzima jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kupanda wima, bila kusitasita. Ule mwanga laini wa asubuhi unapita upesi. Ikifika saa mbili na nusu vivuli tayari ni vikali, na saa sita mchana macho ya mtu aliyevaa kofia ya kiua huwa mashimo mawili meusi. Mwezi wa Machi na wa Septemba jua hukaa utosini hasa. Basi maoni ya kwanza yanayoweza kutolewa kwa picha nyingi za visiwa vya Wabajuni ni juu ya saa: rudi hapohapo baada ya sala ya Alfajiri, au kati ya Alasiri na Magharibi, upige tena. Kama mvuvi anarudi saa sita na hana saa nyingine, mwombe akae chini ya kivuli cha tanga au ukuta, mwanga wa mchanga utamrudia usoni kutoka chini.

Mchanga wenyewe ni mtego. Visiwa hivi ni vya matumbawe, fukwe zake nyeupe, na kamera hupima mwanga ikidhani kwamba dunia yote kwa wastani ni ya kijivu. Ikiona mchanga mweupe, anga jeupe na kanzu nyeupe, huamua kuna mwanga mwingi mno, inaushusha, na uso wa mtu unageuka kivuli. Dawa ni kuigusa sehemu ya uso kwenye kioo na kupandisha mwanga kwa kidole, au kwa mwenye kamera kubwa kuongeza stopu moja. Anga litaungua kidogo. Acha liungue, hakuna aliyekuja kuliangalia.

Hapa pana jambo linalostahili kuelezwa, kwa sababu limewaumiza wengi. Picha ikitoka giza, maoni yanayosikika mara nyingi ni "mbona umekuwa mweusi hivyo?" Hayo yanamlenga mtu, na kasoro ni ya kifaa. Historia inathibitisha. Kwa miaka mingi maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, kazi imekwisha; ngozi nyeusi ijitafutie. Watafiti waliofuatilia kisa hicho wanaeleza kwamba miongoni mwa waliolalamika mpaka kampuni ikasikia ni watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao mbao zao nyeusi na bidhaa zao zilikuwa hazitofautiki kwenye matangazo. Ndiyo, chokoleti. Simu za leo ni bora zaidi, lakini bado zinahitaji kuongozwa. Kwa hiyo sema "picha imeutia uso wake giza," na hapohapo mwambie afanyeje.

Mengine nitayapitia haraka. Picha yenye ukungu unaofanana na moshi mara nyingi haina tatizo la ufundi. Ni chumvi na mafuta ya vidole kwenye lenzi. Futa kwa kitambaa cha pamba kisafi kabla ya kila safari ya chomboni, na kwa ulimi usijaribu. Picha iliyotikisika wakati wa kusi, upepo ukivuma na chombo kikiruka, itatulia ukiegemeza kiwiko kwenye mlingoti na kupiga nyingi mfululizo ili uchague moja. Kuvuta kwa vidole ili kitu kilicho mbali kikaribie kunaharibu picha za simu nyingi. Sogea kwa miguu. Mlingoti unaoota kutoka kichwani mwa nahodha unaondoka ukipiga hatua moja kando. Na upeo wa bahari ukilala upande, maji yanaonekana kama yanamwagika nje ya picha. Kasoro hii ndiyo rahisi kuliko zote kurekebisha na ndiyo watu wengi wanaiona wakanyamaza, sijui kwa nini. Mwambie mtu bahari yake imelala. Hatakuchukia.

Mtoa maoni wa pili: anayejua mahali

Mpaka sasa nimezungumza juu ya mtu anayejua mwanga. Lakini kwa picha za pwani hii yuko mtu mwingine ambaye maoni yake yana thamani kubwa zaidi, na mara nyingi hajui hata kuwasha kamera. Ni mzee anayejua mahali.

Watu waliotangulia kuyaweka maisha ya visiwa hivi kwenye vitabu vya kusambaa duniani walikuwa wageni. J.A.G. Elliott, Mwingereza, aliandika juu ya safari yake visiwani miaka ya 1920, wakati eneo la Jubaland lilipokuwa likitoka mikononi mwa Waingereza kwenda kwa Wataliano. Vinigi Grottanelli, Mtaliano, alitoa mwaka 1955 kitabu kizima juu ya wavuvi wa Kibajuni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwakiolojia Neville Chittick alipita akiandika habari za magofu ya pwani ya kusini. Mwanaisimu Derek Nurse amekusanya maneno na masimulizi ya Kibajuni kwa miaka mingi. Kazi zao zina manufaa, na tunazitumia. Lakini mgeni huona alichoonyeshwa, na picha za familia, zile zilizotundikwa ukutani au kuwekwa sandukuni, nyingi zilipotea. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na vita vikafika kusini, Wabajuni wengi walipanda vyombo kwenda Kenya. Wengi wao waliishi kambini Jomvu, Mombasa, na baadhi wakaishia Uingereza. Mtu anayekimbia na watoto kwenye mashua hachukui albamu.

Ndiyo maana picha ya leo ya kijana wa kisiwa cha Chovai au Chula, hata ikiwa imelala upande, ni mali. Na ndiyo maana inahitaji jicho la mtu atakayesema, "Hapa si Chula, mwanangu, hapa ni Koyama, nalijua jiwe hili." Au: "Hilo uliloliandika dau ni mashua, tazama omo lake." Au akalitazama kaburi nyuma ya msikiti wa zamani akakwambia ni la nani, na kwa nini hakuna anayelima karibu yake. Mwanga mbaya unaweza kuusamehe. Jina lisilo sahihi likishaandikwa chini ya picha na kusambaa, miaka ishirini ijayo litakuwa ndiyo historia.

Kumwendea mzee kunataka adabu na maandalizi. Usimtumie picha kumi kwenye simu ya mjukuu ukangoja. Nenda, salimia, kaa. Kama una uwezo, chapisha picha kwa ukubwa wa kiganja au zaidi, kwa kuwa macho ya uzeeni na kioo cha simu juani havipatani. Kama huna, ongeza mwanga wa kioo na ukae kivulini. Kisha uliza maswali ambayo jibu lake si ndiyo au la: "Ami, hapa unaona nini?" "Chombo hiki kingekuwa kimetoka wapi?" "Kazi hii zamani ilifanywaje?" Ukimwonyesha picha ya kasa, pengine atakusimulia namna samaki aitwaye chazo alivyokuwa akifungwa uzi mkiani na kuachiwa majini ajibandike kwenye gamba la kasa, uvuvi ambao Wabajuni walijulikana nao tangu zamani. Hayo si maoni juu ya picha kwa maana ya darasani, lakini yatakwambia picha inayofuata uipige wapi.

Rekodi sauti yake akikubali. Akikataa, kumbuka. Akianza kukosoa kwamba vijana wa leo hawajui kufunga tanga, usimkatize umrudishe kwenye picha. Majina ya vifaa vya tanga anayoyataja, kama foromali na demani, ndiyo maneno utakayoyaandika chini ya picha. Na ukiandika, andika kwa Kibajuni kama alivyotamka, halafu kwa Kiswahili cha kila mahali kwa ajili ya wengine. Mahali, tarehe, kazi inayofanyika, jina la chombo. Majina ya watu ikiwa wameridhia.

Mzee naye akumbushwe kwa upole jambo moja. Kijana akikosea jina la kisiwa, asiambiwe kwamba amezaliwa kambini ndiyo maana hajui. Ni kweli pengine alizaliwa kambini, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kumfundisha.

Picha isiyostahili kuonyeshwa

Kuna picha ambazo maoni ya kwanza yanayostahili si juu ya mwanga wala jina. Ni swali: je, hii itoke?

Mtafiti wa Kijerumani Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki, ameeleza kwa urefu namna wanawake wa Kiislamu wa pwani wanavyolinda sura zao, hasa penye harusi, ambako wamejipamba kwa macho ya wanawake wenzao. Kwetu hilo halihitaji mtafiti. Picha ya harusi yenye wanawake wasiojifunika haijadiliwi hadharani, hata kwa sifa. Sifa ndiyo inayoisambaza. Ukiiona, mwandikie mwenye picha faraghani, kwa lugha laini: "Dada, picha ya ukumbini inamwonyesha bibi yule wa nyuma bila mtandio, nadhani hakujua." Usiseme mbele za watu, kwa maana ukisema, kila mtu atarudi kuitazama.

Na kuna usalama. Bandari ya Kismayo, uwanja wa ndege, vizuizi vya barabarani, magari na kambi za askari wa nchi yoyote: hapo simu ibaki mfukoni. Mtu akipiga picha nzuri ya machweo na ukaona kona yake ina mnara wa ulinzi, hayo ndiyo maoni ya kumpa, kabla ya kusifia rangi. Mwambie pia azime kumbukumbu ya mahali kwenye kamera ya simu, maana faili la picha linaweza kubeba vipimo vya pale ulipopigia.

Wapo waliotuonyesha kwamba tahadhari hizi hazizuii uzuri usionekane. Mwanahabari Hodan Nalayeh, Msomali aliyekulia Kanada na mwanzilishi wa Integration TV, alijitolea kuonyesha Somalia isiyokuwa ya vita pekee. Siku chache kabla ya kuuawa pamoja na mumewe katika shambulio la hoteli ya Asasey mjini Kismayo, tarehe 12 Julai 2019, alikuwa kisiwani Ilisi, na picha alizozitoa zilikuwa za kisiwa na wavuvi wake.  

Ukiambiwa wewe

Sasa zamu ya mwenye picha. Usiulize "ni nzuri?" Swali hilo linaomba sifa, na sifa utaipata, na ndio mwisho wake. Uliza kitu kimoja unachotilia shaka: "Macho yako yalikwenda wapi kwanza?" "Unamwona mtoto aliye nyuma?" "Ningekata hapa kushoto?" Mtu akiulizwa hivyo hujibu hivyo.

Akijibu, nyamaza. Usieleze kwamba upepo ulikuwa mkali, kwamba nahodha alikuwa na haraka, kwamba simu ni ya zamani. Huenda yote ni kweli, lakini mtazamaji hakuwa chomboni. Picha haisafiri na maelezo yako. Itafika Birmingham peke yake. Kama hujaelewa alichosema, mwombe akuonyeshe kwa kidole. Halafu mshukuru, hata kama umechukia, na usiamue chochote siku hiyo. Usiku mmoja hutosha kutenganisha neno lililouma kwa kuwa kweli na neno lililouma kwa kuwa limesemwa vibaya.

Watu watatu wasiojuana wakikwambia kitu kimoja, sikia. Mmoja akikwambia kitu ambacho wengine hawakukiona, jaribu mara moja, ukiona hakikufai kiache. Maoni juu ya mwili wa mtu aliyemo pichani, rangi yake, ukoo wake au lafudhi yake, hayo yatupe bila kujibu, hayahusu picha. Na pale unapoambiwa kwamba hakuna anayepiga picha hivyo, mkumbuke Omar Said Bakor wa Lamu. Alijifunza mwenyewe, akafungua studio mjini, na akawa anakata na kubandika picha mpaka sura ya mtu ikachanua ndani ya ua. Kwa sheria za studio za wakati wake hayo yalikuwa mambo ya ajabu. Alifariki mwaka 1993, na leo kazi zake zinaandikwa vitabuni kwa sababu ya hayohayo yaliyokuwa ya ajabu.

Jambo la kiufundi ambalo huleta ugomvi bure: picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na mpokeaji huona ukungu usiokuwepo. Ukitaka maoni juu ya ukali wa picha, itume kama hati, au chagua ubora wa juu kabla ya kutuma. Kama intaneti ni ya kubahatisha, tuma moja uliyoichagua. Kuchagua kwenyewe ni nusu ya somo.

Bora kuliko yote ni kukaa pamoja. Watu wanne au watano wanatosha, baada ya Isha, barazani, kila mmoja na picha moja tu. Picha inazungushwa kimya kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Kisha kila mtu anasema alichokiona, bila hukumu, mdogo akianza ili asije akayafuata maneno ya wakubwa. Anayejua mwanga anataja jambo moja na namna ya kulirekebisha. Mzee akiwepo, anaulizwa mahali na majina, na mtu mmoja anaandika. Mwenye picha anasema mwisho, kwa ufupi, na anataja kitu kimoja atakachojaribu. Mkikutana tena analeta picha ya pili, iliyopigwa mahali palepale, na zote mbili zinawekwa kandokando.